Asante, dada wa mpakani Sirari

Dada, jina lako sikulipata, kwa hiyo asante yangu naitoa hadharani.

Tulikuwa tunapanga kuzunguka Ziwa Victoria kwa pikipiki, tukipitia visiwa vyake: Ukerewe kwetu Tanzania, Rusinga na Mfangano upande wa Kenya, kisha Bugala kule Uganda, turudi kwa mpaka wa Mutukula. Barabara tulizijua. Ya mpakani ndiyo yaliyotuchanganya. Nawe, wakala wa forodha mwenye foleni ya madereva wa malori mlangoni, ukatuvutia viti.

Ukaisoma kadi ya pikipiki mstari kwa mstari, kidole kikiifuata namba ya injini. Ulipoona jina ni la kaka yangu, ukasema bila barua ya idhini iliyogongwa muhuri wa wakili tutakwama, kama si hapa basi Busia, mpaka wa Kenya na Uganda. Ukatuandikia na namna ya kuiandika barua yenyewe, nyuma ya risiti. Bima ya COMESA, ile inayotambulika nchi jirani, ukatukumbusha pia, kwa kuwa ya nyumbani haivuki mpaka.

Halafu vivuko! Kwamba Kisorya kwenda Rugezi, kule Ukerewe, tuwahi asubuhi, Mfangano twende kwa boti pikipiki ibaki Mbita, na Bukakata kwenda Luku, kule Bugala, hakuna nauli. Ukasisitiza, kwa uchungu wa mtu aliyekikumbuka kivuko MV Nyerere kilichopinduka 2018, kwamba chombo kikijaa tusubiri kingine.

Hela ulikataa, hata ya soda. Mungu akuzidishie, dada yangu. Barua imeshagongwa muhuri, tunaondoka baada ya masika.