Prosesa inaonyesha 4.1 GHz, lakini kazi inatoka polepole kuliko zamani

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa mafundi wanaojibu maswali ya wasomaji. Naomba ushauri kuhusu kompyuta ya nyumbani iliyokuwa nzito baada ya kupandishwa kasi kupita kiwango cha kiwandani. Naweka vipimo vyote hapa ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Mashine ina prosesa ya AMD Ryzen 5 3600, viini 6, juu ya madabodi ndogo ya B450. RAM ni vipande viwili vya GB 8, DDR4-3200 CL16. Hitisinki, yaani kipozea prosesa, si ile iliyokuja na prosesa kwenye boksi, ni ya mnara yenye feni ya mm 120. Kazi zake ni kuhariri video na michezo. Chumba hakina kiyoyozi, na mchana joto lake hufika nyuzijoto 31 au 32.

Mambo matatu yalibadilishwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi. Precision Boost Overdrive, inayoiruhusu prosesa kuvuka mipaka yake ya umeme, iliwashwa na mipaka ya umeme ikaachiwa madabodi iamue, volti za prosesa zikapunguzwa kwa 0.1 V ili joto lishuke, na RAM ikasukumwa kutoka 3200 hadi 3800. Ukitazama skrini, kila kitu kimekuwa bora. Viini vyote vikifanya kazi, kasi inasomeka 4,100 MHz badala ya 3,950, na joto limeshuka kutoka 79 hadi 72. Ila alama za Cinebench R20, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa viini vyote zimeanguka kutoka 3,570 hadi 3,190, michezo inakwamakwama, na video ileile inachukua muda mrefu zaidi kutoka.

Kilichosaidia kutenganisha chanzo ni kwamba Cinebench haitegemei sana kasi ya RAM. Alama zake zikianguka kiasi hicho, RAM peke yake haiwezi kubeba lawama. HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta, ina mstari uitwao Effective Clock, ambao huhesabu mizunguko inayofanyika kweli, na hapo ilisomeka karibu 3,530 MHz wakati mstari wa kawaida unasema 4,100. Prosesa za kizazi cha Zen 2, kama hii, zikikosa volti za kutosha kwa kasi zilizoombwa, si lazima zizime au zilete skrini ya bluu: zinaweza kurefusha mzunguko mmoja mmoja ili zisikosee hesabu, huku namba kubwa ikibaki palepale. Kwa punguzo la 0.05 V kasi ilisomeka 4,030 na alama zikawa 3,490. Bila punguzo lolote ilisomeka 3,950, na mistari yote miwili ikakubaliana. Kwa hiyo punguzo limeondolewa. Yeyote anayeshusha volti za Ryzen kwa kufuata namba ya MHz pekee, namsihi apime kazi inayotoka kabla ya kuamini kuwa amefaidika.

Michezo ilikuwa na sababu nyingine. RAM ya 3800 hukimbia kwa 1,900 MHz halisi, na kwenye Zen 2, FCLK (kasi ya njia ya ndani inayounganisha viini na RAM) ikiachwa Auto, kupita 3600 kunaifanya sehemu inayoendesha RAM (kasi yake huitwa UCLK) ishuke hadi nusu ya kasi hiyo, yaani 950 MHz. Programu ya ZenTimings inaonyesha MCLK (kasi ya RAM yenyewe), FCLK na UCLK pamoja, na namba hizo tatu zinatakiwa zilingane. Muda wa kusubiri wa RAM ulikuwa nanosekunde 75 kwenye 3200, ukapanda hadi 91 kwenye 3800. Sasa RAM iko 3600, FCLK imeandikwa 1800 kwa mkono, mpangilio wa muda wa RAM ni 18-22-22-42 kwa 1.4 V, volti za SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) ni 1.1, na muda umeshuka hadi 70. MemTest86, programu ya kupima RAM, imemaliza mizunguko minne bila kosa. Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, haina onyo la makosa ya vifaa la WHEA-Logger namba 19, ambalo hujitokeza FCLK inapozidiwa na makosa kusahihishwa kimyakimya. Kwa kuwa RAM isiyotulia huweza kuharibu mafaili ya mfumo na kuacha uzito hata baada ya kurudisha BIOS ya kiwandani, sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua mafaili hayo, nayo imepitishwa. Ilikuta mafaili machache mabovu na kuyatengeneza.

Lililobaki ndilo linalonileta kwenu.

Ukianza kutoa video ndefu, mashine inakwenda vizuri kwa kama robo saa, kisha kasi inaporomoka hadi karibu 550 MHz kwa sekunde chache, inapanda, inaporomoka tena. Wakati huo prosesa iko nyuzijoto 80, bado mbali na kikomo chake cha 95. Pawasaplai ilibadilishwa kwa majaribio, hali ikabaki ileile. Kwenye HWiNFO, mstari wa PROCHOT EXT unageuka kuwa Yes kila kasi inapoanguka, maana yake amri ya kupunguza kasi inatoka nje ya prosesa. Nashuku VRM, yaani saketi inayoshusha umeme wa 12 V kwenda volti za prosesa. Madabodi hii haina bamba la kupoza juu ya MOSFET (transista) za VRM, na haina kihisi cha joto lake kinachosomeka. Kifuniko cha ubavuni kikifunguliwa na feni ya mezani ikielekezwa pale, tatizo halitokei kabisa.

Nadhani hitisinki ya mnara imechangia. Ile ya boksi hupuliza kuelekea chini, hivyo upepo wake hugusa pia VRM. Ya mnara hupuliza kwa ubavu, na eneo lile limebaki bila upepo wakati mzigo wa umeme umeongezeka. Kwa prosesa hii ya 65 W, mipaka ya kiwandani ni PPT (nguvu yote) 88 W, TDC (mkondo wa kudumu) 60 A na EDC (mkondo wa kilele) 90 A. Chini ya mipaka iliyoachiwa madabodi, matumizi yamesomeka 98 W. Nikiirudisha mipaka ya kiwandani kasi haianguki usiku, lakini mchana wa joto bado huanguka mara mojamoja.

Maswali yangu kwa mafundi ni haya. Je, vibamba vidogo vya alumini vya kubandika kwenye MOSFET vinatosha bila feni, au vitachelewesha tatizo tu? Na kama vinafaa, ni utepe gani wa kupitisha joto usioachia gundi madabodi ikisimama wima kwenye chumba cha nyuzijoto 32? Kibamba kikidondoka juu ya kadi ya picha kinaweza kuleta shoti, na hilo linanitisha kuliko uzito wenyewe. Au ni bora kufunga feni ya mm 80 juu ya VRM na kuacha mengine?

Pia, kwa madabodi ya aina hii, kuna faida yoyote ya kuendelea na Precision Boost Overdrive, au niizime, nishushe PPT hadi kama 75 W na nibaki na RAM ya 3600 pekee? Ikiwa kuna aliyepima tofauti ya muda wa kutoa video kati ya 75 W na 88 W kwenye Ryzen 5 3600, naomba namba zake, pamoja na joto la chumba alimopimia.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam