Kwa vijana wangu wa fizikia: kugawana kazi si kushirikiana

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Buruburu. Mradi wenu wa pendulumu, yaani tufe la chuma linalobembea kwenye uzi, mmoja akiwa Kayole, mwingine Rongai, mwingine Githurai, umenifurahisha. Lakini lipo jambo ambalo mimi, mwalimu mstaafu, siwezi kulinyamazia.

Huyu anapima, huyu anachora grafu, huyu anaandika ripoti, kisha usiku wa mwisho mnaunganisha vipande mtandaoni. Hapo mmegawana kazi tu.

Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Kidole kikichelewa kubonyeza saa kwa sekunde 0.2, jibu la g (mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia) linapotoka kwa asilimia 20 hivi. Hesabuni kwenda na kurudi mara 20, mgawanye, na kosa linashuka hadi asilimia 1 hivi. Hilo mnalijua. Kosa baya zaidi ni lile lisilopungua hata ukirudia siku nzima: kupima uzi hadi juu ya tufe la chuma badala ya katikati yake. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 4 linawanyima sentimita 2, na badala ya g ya mita 9.78 kwa sekunde mraba ya hapa Nairobi mnapata 9.58. Mpimaji halioni, maana kila akirudia jibu ni lile lile. Atakayeliona ni mwenzake wa Rongai aliyepata 9.77.

Makundi mengi hapo hufunika kombe mwanaharamu apite: namba moja inafutwa kimya kimya, grafu inanyooka, alama zinapatikana. Inaniuma sana, kwa sababu namba iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na somo.

Septemba 14, 2015, mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko midogo mno ya anga lenyewe, yalinaswa Marekani na mitambo miwili ya LIGO, Livingston na Hanford, iliyo umbali wa kilomita 3,000 hivi. Ishara zilipishana kwa milisekunde 7 tu. Mtambo mmoja ungeweza kudanganywa na mtikisiko wa jirani. Wa pili ndio uliofanya wa kwanza uaminike.

Asiye na bando msimhesabu mtegaji. Mpigieni, awasomee namba za daftarini. Anayetegea kweli, mwambieni faraghani kabla ya kumpeleka kwa mwalimu.

Na kabla hamjagusa hitimisho, kila mmoja aegemeze rula kando ya uzi wake, apige picha, aitume. Mwenzake ausome urefu kabla hajaambiwa ni ngapi.

Mzee wenu,
Buruburu