Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Viwango: hizo kilomita 120 nani amezipima?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: SAFU YA UMBALI KATIKA MWONGOZO WA BAISKELI ZA UMEME

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumeusoma mwongozo wa wanunuzi ambao ofisi yako imeutoa wiki hii. Tuliungoja kwa hamu, kwa sababu uliahidi mbele ya watu kwamba safari hii baiskeli zitapimwa kwanza ndipo zilinganishwe. Tumekuta safu ya umbali kwa chaji moja imejazwa namba zilezile zilizobandikwa kwenye maboksi na watengenezaji, na nyota zimegawiwa kwa kufuata namba hizo.

Baiskeli iliyopewa nafasi ya kwanza ina betri ya volti 36 na ampea-saa 10, na imeandikiwa kilomita 120. Zidisha, Mheshimiwa: ni wati-saa 360, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Gawa kwa kilomita 120, unapata wati-saa 3 kwa kila kilomita. Mtu anayepiga pedali na kusaidiwa na mota kwa kiasi hutumia kati ya 6 na 10, na anayekaa tu juu ya tandiko akivuta eksileta hupita hata 12. Betri hiyo, kwa matumizi ya kawaida, ni ya kilomita 36 hadi 60. Kufika 120 kunataka mtu mwepesi, barabara tambarare isiyo na upepo, na msaada wa mota kwenye ngazi ya chini kabisa. Hapo miguu ndiyo inayofanya kazi, betri inasindikiza tu.

Ya pili kutoka chini ina betri ya volti 48 na ampea-saa 14, yaani wati-saa 672, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Imenyimwa nyota kwa kuwa mtengenezaji wake ameandika kilomita 80, namba ambayo hesabu inaikubali. Aliyesema kweli ameadhibiwa na ofisi iliyowekwa kumlinda mnunuzi! Hili ndilo lililotumaliza uvumilivu.

Na hapo milima haijaguswa. Mtu, baiskeli na mzigo vikifika kilo 100, kuvipandisha mita 100 kwenda juu kunataka wati-saa 27, na ukiongeza umeme unaopotea kama joto ndani ya mota na kontrola (kifaa kinachoongoza mota) unakaribia 35. Miguu isiposaidia, miinuko mitatu ya namna hiyo inakula zaidi ya robo ya betri ya wati-saa 360. Mwongozo wako hautaji mwinuko wala uzito wa mpandaji popote.

Matokeo yake tunayaona mezani kwetu. Mnunuzi analeta baiskeli yenye miezi michache akisema betri imekufa. Tunaichaji inafika volti 42, ambazo ndizo za betri ya volti 36 iliyojaa, tunaiweka kwenye mzigo wa kupimia hadi kontrola inapokata karibu na volti 31, na mita inasoma wati-saa 340 na ushei. Seli ziko sawa, chaja iko sawa. Betri imetoa kila ilichonacho, ila mtu aliuziwa umbali ambao haukuwahi kuwamo ndani yake. Wengine huwa wameshanunua betri nyingine kabla ya kufika kwa fundi. Fedha hiyo nani atawarudishia?

Safu ya nguvu nayo imechanganya wati za kudumu, ambazo mota inazitoa muda mrefu, na wati za kilele, za muda mfupi tu, kila mtengenezaji akichagua zinazompendeza. Kiwango cha Ulaya, EN 15194, kinahesabu wati 250 za kudumu na kinataka msaada wa mota ukatike kwenye kilomita 25 kwa saa. Mota hiyohiyo kwa muda mfupi inaweza kuvuta zaidi ya wati 500. Vilevile mmelinganisha nguvu ya kuzungusha ya mota ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na ile ya mota ya katikati (iliyo kwenye pedali) kana kwamba ni kitu kimoja. Mota ya katikati yenye Nm 80 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) hupitia kwenye mnyororo: kwa gia ya meno 42 mbele na 14 nyuma, gurudumu linapata kama Nm 27 tu, kwa 42 na 42 linapata karibu zote. Ya habu haina nafasi hiyo ya kubadilisha.

Cheti cha usalama wa betri hakina hata safu. Jijini New York, tangu Septemba 2023, hairuhusiwi kuuza baiskeli ya umeme ambayo mfumo wake wa umeme haujathibitishwa kwa kiwango cha usalama cha UL 2849 au kinacholingana nacho, baada ya mioto ya betri kuua watu majumbani. Sisi tunasubiri nini?

Kupima si kazi ngumu. Betri ijazwe, mita iwekwe kati ya betri na kontrola, uzito wote uwe kilo 100, upepo wa tairi uandikwe, njia iwe moja yenye mwinuko unaojulikana, msaada wa mota uwe kiwango kimoja kwa baiskeli zote, kisha iendeshwe mpaka mota ikate. Ujerumani sekta ya baiskeli ina kipimo cha R200, ambacho msaada wa mota huwekwa asilimia 200 ya nguvu ya mpandaji ili baiskeli zilinganishwe kwa haki.

Mheshimiwa, tunaomba jambo moja. Iondoe safu ya umbali leo, na mahali pake ziandikwe wati-saa za betri. Kilomita zirudi zikishapimwa, na masharti ya kipimo yaandikwe kando yake. Kama kupima kutachelewa, basi wati-saa peke yake. Hata hizo zitamsaidia mnunuzi kuliko namba mliyonayo sasa.

Ni sisi,
Mafundi wa baiskeli za umeme