Mjomba, furaha ya mama isiingizwe kwenye hesabu za serikali

Mjomba mpendwa,

Salamu kutoka Kisumu. Siku ile ya matanga sikukujibu kwa sababu wazee walikuwa wengi, na si adabu kubishana nawe mbele yao. Ulisema Kenya iache kuhesabu pesa ianze kuhesabu furaha, kama wanavyofanya Bhutan, ule ufalme mdogo wa milima ya Himalaya. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua wanaoamini hivyo ni wengi.

Nusu ya kwanza tuko pamoja. Pato la taifa halitofautishi neema na balaa. Petroli inayoteketea kwenye msongamano wa Kondele inahesabiwa humo, na bili ya hospitali iliyotufanya tuuze ng'ombe inahesabiwa humo. Simon Kuznets, aliyeliandalia Bunge la Marekani hesabu hizo mwaka 1934, alionya katika ripoti ileile kwamba mapato ya taifa hayatoshi kukuonyesha ustawi wa watu wake. Nasi tulijionea Septemba 2014: takwimu zilikokotolewa upya, uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 25, tukatangaziwa kwamba tumekuwa nchi ya kipato cha kati. Dukani hakuna aliyeuziwa unga kwa bei nafuu kwa ajili hiyo.

Kwenye furaha ndipo tunapoachana.

Kuna kijana wa utafiti aliyepita soko la Kibuye na tableti yake akamkuta mama, dada yako, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mguu wa kulia ameunyoosha kwa sababu goti halikunjiki, anapima omena kwa gorogoro. Akamwomba afikirie ngazi ya kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha mazuri kuliko yote kwake na chini kabisa mabaya kuliko yote, kisha aseme amesimama wapi. Mama hakusita. "Nane. Mungu ni mwema." Mteja akafika, mama akamwongezea kiganja kizima juu ya gorogoro iliyokwisha kujaa, wakacheka.

Jioni alilikanda lile goti kwa leso na maji ya moto. Maji yenyewe ni ya kununua kwenye mkokoteni, maana mfereji wetu hapa Nyalenda ulikuwa mkavu. Kliniki hataki hata kuisikia; akikosa soko siku moja, chakula cha jioni kinakuwa mashaka.

Swali hilo la ngazi ndilo linalotumiwa na ripoti ya furaha duniani, ile inayoiweka Finland nambari moja tangu 2018. Lakini mwanauchumi Amartya Sen ametukumbusha kwa miaka mingi kwamba mtu aliyezoea dhiki hupunguza matarajio yake hadi yalingane na alichonacho, la sivyo asingeweza kuamka asubuhi. Nane ya mama ni ya kweli, mjomba. Ameitafuta mwenyewe, kwa imani yake, kwa chama chao, kwa wateja anaowajua kwa majina. Nitaumia sana siku serikali itakapoiandika kuwa mafanikio yake.

Na hao Bhutan. Wazo ni la Mfalme Jigme Singye Wangchuck, miaka ya 1970, na katiba yao ya 2008 inalitaja. Nawapa heshima: huuliza hadi mambo ya usingizi na ujirani. Ila mapema miaka ya 1990, watu kama 100,000 wenye asili ya Kinepali walifukuzwa au kukimbia nchi hiyohiyo, wakaishia kambini Nepal. Karani wa furaha hawezi kumfikia mtu ambaye hayumo tena nchini. Wewe uliyeiona kambi ya wakimbizi wa ndani kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru mapema 2008 huhitaji kuelezwa hilo na mimi.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinataja afya, makao, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Furaha haijatajwa, na mimi naona ni sawa kabisa. Mfereji unatoa maji au hautoi. Mtu yeyote anaweza kwenda kuufungua akaona. Furaha tuachiwe wenyewe.

Najua huwa unahudhuria vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti huko Nakuru. Safari hii waulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki kule Kaptembwo, na ni wangapi walioumwa wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli au kwa kuogopa kupoteza kibarua. Wakishikilia kwamba lazima watuulize tunavyojisikia, basi watuulize kinachotukosesha usingizi. Swali hilo mama angelijibu kwa kirefu.

Na tafadhali mpigie simu umwambie aende akapimwe goti. Mimi hanisikilizi, wewe kaka yake anakusikiliza.

Ni mimi mpwa wako,
Kisumu