Tembo wa kitenge na macho yake: kabla hujamtuma Ulaya

Mwezi uliopita dada mmoja wa Mwanza alitutumia tembo wawili wa kitenge. Anawashona mwenyewe na kuwauza mtandaoni kwa wateja wa Ujerumani na Ufaransa. Jukwaa analouzia lilikuwa limefunga matangazo yake yote ya Ulaya kwa kuwa hana mtu anayewajibika ndani ya Umoja wa Ulaya. Ombi lake lilikuwa moja: tumpe anwani ya ofisi yetu ya hapa Rotterdam, aibandike, biashara iendelee.

Kazi yetu ni kuwa mtu huyo kwa niaba ya watengenezaji walio nje ya Ulaya, kwa hiyo maombi ya namna hii tunayapata sana, na tunaelewa yanakotoka. Mtu ana oda mkononi, kitambaa ameshanunua. Lakini anwani hatuitoi hivyo.

Kanuni ya Ulaya ya usalama wa bidhaa kwa jumla, namba 2023/988, ilianza kutumika tarehe 13 Desemba 2024. Inataka bidhaa ya kawaida ya mlaji inayotoka nje iwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja inayowajibika kwayo. Jina na anwani yake, ya posta na ya barua pepe, vionekane kwenye tangazo pamoja na vya mtengenezaji, picha ya bidhaa, na maonyo kwa lugha anayoielewa mnunuzi. Kwa vitu vya kuchezea, sharti la kuwa na mtu huyo lipo tangu tarehe 16 Julai 2021. Wateja wetu wengi wamelijua baada ya matangazo kufungwa. Mdogo hasamehewi, wala kazi ya mikono haisamehewi.

Mkaguzi akiwa na swali, anamwendea mwenye anwani ile na kumtaka nyaraka. Kwa hiyo anayekuuzia anwani bila kuuliza unauza nini hajakusaidia kitu. Siku bidhaa ikimdhuru mtoto, hana cha kuonyesha, na wewe huna.

Tukamshika tembo. Macho yake yalikuwa vifungo vyeusi vya shati, vimeshonwa kwa uzi wa kawaida. Kipimo cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, EN 71, kinataka kipande kinachozidi milimita 6 kivutwe kwa nguvu ya nyutoni 90, yaani zaidi kidogo ya uzito wa kilo 9, na kisitoke. Tulifunga mizani ya kuning'iniza tukavuta taratibu. Jicho la kushoto liling'oka mizani haijafika kilo 4. Tukalitia kwenye silinda ya kupimia, yenye kipenyo cha milimita 31.7, likazama lote. Kitu kinachozama humo ni kitu kinachoweza kuziba koo la mtoto.

Dada alipoona video akasema, "Basi niandike si kwa watoto chini ya miaka 3." Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mdoli laini wa kukumbatia huhesabiwa kuwa ni wa hata mtoto mchanga, kwa sababu ndivyo watu wanavyomtumia, na onyo hilo halimwokoi. Kumwita "pambo la sebuleni" nako hakusaidii, maana mtoto hasomi tangazo.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi: macho yadariziwe kwa uzi, vifungo vitoke kabisa. Baada ya hapo ndipo tunaangalia mishono isiachie pamba, kitambaa kisishike moto upesi, na rangi zisiwe na metali zenye sumu. Hayo mawili ya mwisho hayapimwi kwa macho. Ni kazi ya maabara. Ukifuata viwango vyote vya EN 71 vinavyohusu bidhaa yako, unasaini mwenyewe tamko la ulinganifu, yaani karatasi inayosema bidhaa imefuata sheria, unaweka alama ya CE inayoonyesha jambo hilohilo, isiyopungua urefu wa milimita 5, na faili la nyaraka hizo unalitunza miaka 10.

Alama hiyo usiibandike kila mahali. Kiondo na kikoi havina sheria inayodai CE, na kuiweka pasipotakiwa ni kosa. Hereni za waya nazo zina kipimo chao cha nikeli, na ni kikali zaidi kwa ile sehemu inayopita kwenye tundu la sikio. Sabuni na mafuta ya ngozi yana sheria yake ya vipodozi. Hayo hatuyapokei, tunakuelekeza kwa wanaoyajua. Na namba ya kulipia kodi ya mauzo, hata kama umeilipia vizuri, ni ya kodi tu. Haihusiani na usalama.

Kabla ya kushona mia moja, tutumie kimoja. Andika kitambaa umenunua wapi, umejaza nini ndani, na uzi ni wa aina gani. Weka na risiti kama unazo. Tunasoma ulichoandika, tunakivuta kitu chenyewe, tunakwambia kinachokosekana, kisha tunasaini makubaliano ya uwakilishi. Ada ni kwa aina ya bidhaa, si kwa kipande.

Tembo mpya wa Mwanza alifika Jumatatu, macho yamedariziwa kwa uzi mweusi, na yanapendeza kuliko vile vifungo. Tumemvuta masikio, mkia na mkonga, vyote vimeshika. Sasa tunangoja majibu ya maabara kuhusu rangi ya kitenge. Yakitoka salama, anwani yetu itaingia kwenye tangazo lake siku hiyohiyo.