Wanaorusha ndege kwenye simuleta waache kukimbilia otopailoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na hawa wenzetu wanaojifunza ndege kwenye kompyuta. Mtu akianza na Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, kinachomtesa sio kupaa, ni kwenda tu sawa. Ndege inapanda anaisukuma, inashuka anaivuta, futi 200 juu futi 300 chini, mkono umekaza kwenye joistiki mpaka vidole vinauma, mwisho anabonyeza otopailoti, ule mtambo unaoirusha ndege wenyewe, na somo limeishia hapo.

Jamani ndege haina shida, haijatrimiwa tu. Kwenye mkia, upande wa kulia, kuna kibao kidogo cha trimu kinachochezeshwa na gurudumu lililo katikati chini ya dashibodi, zungusha mbele pua inashuka, zungusha nyuma inapanda, na kazi yake ni kukutua ule mzigo unaoubeba kwa mkono. Sio usukani! Wengine wanaendesha kwa trimu yenyewe, na kwa vile ndege inachelewa kuitikia wanabaki kuifukuza safari nzima.

Weka pua kwanza, halafu nguvu ya injini, halafu subiri. Kwenye kusubiri ndio wengi wanafeli, maana ukitoka kupanda kwa noti 75 (maili za baharini kwa saa) ukailaza ndege iende sawa, spidi haifiki 110 papo hapo, inajivuta, na kadiri inavyoongezeka pua inazidi kutaka kupanda, sasa wewe ukiwahi kutrimu utarudia kazi hiyohiyo mara kibao. Na trimu inashika spidi, haishiki kimo cha ndege angani. Ongeza nguvu bila kugusa gurudumu uone, ndege itapanda badala ya kukimbia.

Ila simuleta nayo ina uongo wake hapa. Kwenye ndege ya kweli ukitrimu usukani unabaki palepale ulipoushika, ule uzito ndio unaisha mkononi. Joistiki ya springi haijui hayo, yenyewe siku zote inavuta kurudi katikati, kwahiyo inabidi uirudishe kidogokidogo huku trimu inaingia, macho kwenye upeo wa nje sio kwenye altimita (kipima kimo), mpaka mkono ukose kazi. Wa kibodi, kwenye Microsoft Flight Simulator ni 1 na 7 za pembeni kule kwenye namba, gusa achia, gusa achia, ukiing'ang'ania inapitiliza. Kisha toa mkono kabisa. Pua ikipanda na kushuka taratibu huku inatulia iache, hiyo ni tabia yake, ikienda upande mmoja tu bado hujamaliza.

Kuna moja silisikii likisemwa kabisa. Ukikaribia kutua polepole unakuwa umetrimu pua juu, sasa ghafla unaghairi na kusukuma nguvu yote, pua inarushwa juu, spidi inakatika na ndege inaweza kuacha kubebwa na hewa ikiwa chini kabisa. Hapo unasukuma usukani mbele kwanza, na kwa nguvu kweli, umeshika pua ndio unashughulika na trimu. Kwenye kompyuta mtu anaanguka anaanza upya anacheka, ndio maana wanalipita hivihivi.

Mkiandika tena habari za simuleta Mhariri, hili la kughairi kutua lipeni nafasi kabla ya hizo picha za mawingu.

Msomaji wenu