Fakta itangulie, isisubiri damu ivuje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wazazi wa watoto wenye himofilia, ugonjwa wa damu kuchelewa kuganda, tunalijua kwa uchungu: mara nyingi fakta, yaani dawa ya kugandisha damu, humfikia mtoto akiwa ameshaumia, ilhali ilipaswa imtangulie.

Damu ya mwenye himofilia haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, kama wengi wanavyodhani, bali huchelewa kukatika. Protini za kugandisha damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za faibrini zizibe jeraha, na kwake moja imepungua au haipo kabisa: fakta ya 8 katika himofilia A, fakta ya 9 katika himofilia B. Mwenye chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida huweza kuvuja damu hata bila kujigonga, hasa ndani ya viungo.

Asubuhi moja mwanangu aliniambia goti linamchonyota kwa ndani, nami nililitazama nisione uvimbe wowote. Hospitalini tuliambiwa tusubiri kwanza picha. Kufika jioni ngozi ya goti ilikuwa imekaza, inang'aa na ina joto, na mtoto hakuweza kunyoosha mguu. Damu inayoingia kwenye kiungo mara kwa mara huila gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na gegedu ikishaliwa hakuna sindano inayoirudisha.

Sasa yuko kwenye kinga, yaani hupewa fakta kabla damu haijavuja. Kwa kuwa nusu ya fakta ya 8 ya kawaida huisha mwilini kwa takriban saa 12, humdunga mshipani mara tatu kwa wiki, nikiyeyusha unga wa dawa kwa kukizungusha kichupa taratibu bila kukitikisa.

Wapo wanaoiogopa dawa hii, na hofu yao ina chanzo: katika miaka ya 1970 na 1980 fakta iliyotokana na utegili, yaani maji ya damu ya wachangiaji, iliwaambukiza maelfu ya wagonjwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Leo virusi huuawa wakati wa kuitengeneza, na tangu 1992 ipo fakta ya 8 inayozalishwa na seli maabara.

Ninachowaomba madaktari wa zamu ni kimoja: mtoto anayejulikana ana himofilia akisema kiungo kinamchonyota, apewe fakta kwanza, picha ifuate.

Mama wa mtoto mwenye himofilia A